Nanasi la Wifi

Wodi ya Wanaume, kitanda cha dirishani
3 Machi

Mke wangu,

Nakuandikia kwa sababu ulipokuja jana uliongea wewe tu, na mimi nikabaki nimekodoa macho kama samaki sokoni. Muuguzi amenipa kalamu na karatasi baada ya kuchoshwa na ishara zangu. Amesema nina mwandiko mzuri kwa mtu mwenye tabia mbaya.

Tabia mbaya anayosema ni ya uji. Tangu wanipasue koo sijaletewa kitu kingine. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji, rangi yake kama maji yaliyosuuza ndoo ya chokaa. Mzee wa kitanda cha pili anaunywa na kusema asante. Huyo ameshakata tamaa ya maisha, mimi bado. Wa jana niliumwaga kwenye chungu cha maua, na leo ua lenyewe limeinama.

Daktari amepita. Anasema ninakwisha kama sabuni. Sauti ni habari ya baadaye, huenda ikarudi, huenda isirudi. Lakini vitu laini naweza kumeza, tena vizuri, ila sitaki tu. Ijumaa wananiruhusu kuja nyumbani. Mwisho wa mwezi nirudi kupimwa uzito. Nikiwa nimepungua tena, watanitoboa tumbo wanitie mpira, nilishwe kama gari linalotiwa mafuta. Nikamwandikia: "Nitakufa kwanza." Akasoma, akasema, "Hilo nalo linawezekana," akahamia kitanda cha pili.

Sasa sikiliza, na usikunje uso. Kuna kitu kimoja tu nikikifikiria mate yananijaa. Zile taco za nguruwe za Kimeksiko nilizokuwa nikichoma na dada yangu langoni mwa kiwanda cha saruji. Nyama imelowekwa mpaka ikawa nyekundu, imechomwa, imekatwakatwa, imewekwa kwenye kimkate chembamba cha mahindi na nanasi juu yake. Mimi nilikuwa mtu wa moto na kisu. Kuloweka ilikuwa kazi ya dada, na hakuna aliyeruhusiwa kusogelea beseni lake, hata mimi niliyenyonya naye ziwa moja. Kwa hiyo itabidi umwandikie yeye.

Usimwambie naumwa. Alipokuwa akimuuguza mama alilia mwaka mzima, mpaka mama akawa anamwomba akalilie jikoni. Akijua, atapanda lori la kwanza aje kunililia kitandani, na mimi sina hata sauti ya kumfukuza. Mwambie una wageni. Kwa uongo wenye adabu hakuna anayekushinda, unafanya kazi mahakamani.

Mumeo


Nyumbani
6 Machi

Kwa Wifi,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei, na ujumbe wangu wa mwisho uliujibu kwa picha ya nguruwe.

Niende moja kwa moja kwenye jambo. Wiki ijayo tutapokea wageni kutoka ofisini kwangu, akiwemo hakimu mmoja na mkewe, watu waliotembea nchi nyingi. Mume wangu amependekeza waandaliwe kile chakula mlichokuwa mkiuza, ambacho jina lake siwezi kulitamka mbele ya hakimu bila watu kuangalia chini. Naomba maelezo kamili ya kuloweka nyama: viungo, vipimo na muda. Tafadhali usiniandikie "kiasi" wala "mpaka uone inatosha." Mimi si mtu wa kuona inatosha.

Najua unachokifikiria. Unafikiria siku ile niliyokuja langoni nimevaa gauni langu jeupe, nikamwambia mdogo wako achague kati yangu na jiko la mkaa, maana sikuwa tayari kulala na mtu anayenuka mafuta ya nguruwe mpaka kwenye nyusi. Alichagua. Sijawahi kujuta, na shuka zangu hazijawahi kujuta. Lakini mtu anaweza kukidharau kitu na bado akakubali kwamba wengine wanakipenda, kama watu wanavyopenda mieleka.

Mume wangu hajambo. Ana kazi nyingi pale stoo ya shule, ndiyo maana hajaandika mwenyewe. Barua hii inaletwa na yule dereva wa lori la saruji anayepita kwetu. Akirudi, mpe majibu.

Wako,
Karani


Kantini ya kiwanda
9 Machi

Wifi yangu Karani,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti, mbele ya wasaidizi wangu wote waliokuwa wakimenya viazi. Tumecheka mpaka mmoja akajikata kidole.

Kumbe leo ni leo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa jinsi ulivyo na shingo ngumu, wifi, nimeisikia mifupa ikilia kutoka huku. Nguruwe aliyekuwa uchafu langoni, leo amevalishwa tai anakaribishwa mezani kwa hakimu! Na mdogo wangu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mchomaji, ambaye watu wa zamu ya jioni walikuwa wakimsubiri kuliko mshahara, umemfungia kwenye stoo ya shule ahesabu chaki. Wewe mwenyewe unapika nini? Nilikula kwako siku moja. Kuku yule alikuwa mkavu kama hukumu zenu.

Lakini mimi si mchoyo. Chakula hiki nilifundishwa na mhandisi Mmeksiko aliyekuja kufunga mitambo ya kiwanda. Alionja chakula cha kantini siku moja tu, siku ya pili akaingia jikoni mwenyewe amekunja mikono ya shati. Mimi sijamfundisha mtu yeyote. Wewe utakuwa wa kwanza, sijui nimemkosea nini Mungu.

Haya, shika kalamu ya serikali. Bega la nguruwe, kilo mbili, lenye mafuta yake. Likate vipande vyembamba. Pilipili nyekundu kavu, zile kubwa zisizo kali, toa mbegu, zipashe kwenye kikaango kikavu, kisha ziloweke kwenye maji ya moto zilainike. Mbegu za mzingifuri nimekufungia kwenye karatasi. Ndizo zinazoleta wekundu, kwa hiyo kaa nazo mbali na gauni lako jeupe. Punje sita za kitunguu saumu, kijiko cha bizari nyembamba, karafuu mbili, vijiko vitatu vya siki, kijiko cha chumvi. Saga vyote viwe rojo.

Sasa siri yenyewe. Nanasi. Chukua nanasi bivu, zima, ulikwangue kwa mkono wako, na maji yake yote, uchanganye na lile rojo, uzamishe nyama humo. Funika. Iache siku mbili, usiku na mchana, na usipunguze hata saa moja. Watu wa hakimu wanastahili nyama laini. Usifunue kuchungulia, usionje. Mapishi haya hayataki umbea.

Vimkate ni unga laini wa mahindi, maji ya moto na chumvi. Kanda, bonyeza viwe vyembamba, bandika kwenye kikaango kikavu. Hata wewe utaweza.

Msalimie mdogo wangu. Mwambie anayekosa muda wa kumwandikia dada yake asikose muda wa kushukuru akila.

Wifi yako,
Mpishi


Nyumbani
18 Machi

Wifi,

Nakujulisha kwamba maelekezo yako yalifuatwa kama yalivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nanasi nililikwangua kwa mkono mpaka vidole vikachubuka. Sasa nachapa hukumu kwa vidole viwili, na jana mshtakiwa mmoja nusura aongezewe sifuri kwenye kifungo chake. Ukutani jikoni kuna alama nyekundu ya mzingifuri ambayo itanizika.

Nilipofunua sufuria sikukuta nyama. Nilikuta kitu. Nilichoma kipande kwa uma, uma ukatoka mtupu. Nilijaribu kukibandika kwenye kikaango, kikatandazika chenyewe, kikawa tope jekundu lenye harufu nzuri, na ni harufu hiyo tu iliyonizuia kulimwaga chooni. Vimkate vilipasuka vyote. Niliwatupia kuku wa jirani, nao wakafikiria kwanza.

Mtego ninaujua ninapouona. Nimekaa mahakamani muda mrefu nikisikiliza watu waliotegana. Ulitaka niaibike mbele ya wageni wangu. Basi pole. Mgeni aliketi, akalitazama bakuli, akachukua kijiko, akala lote. Akataka tena. Nikampa tena, akala, akalifuta bakuli kwa kidole. Na huyu ni mtu anayekataa chakula cha kila mtu. Nilisimama mlangoni na taulo mkononi nikimhesabia vijiko.

Hivyo mtego wako umenasa hewa. Mbegu za mzingifuri zimekaribia kwisha. Naomba nyingine.

Karani


Kantini
20 Machi

Wewe Karani wewe,

Uongo huo kamsimulie hakimu wako, amezoea kuusikiliza.

Ndiyo, nilikutega. Tena nilifurahi kufunga ile bahasha. Nanasi lisilopikwa linakula nyama. Saa moja linailainisha, siku mbili linaimaliza, na kila mtu aliyewahi kupika kitu zaidi ya maji ya chai anapaswa kujiuliza kabla ya kuzamisha kilo mbili za nguruwe humo. Hukujiuliza. Uliona imeandikwa, ukatii. Ningekuandikia utie sabuni, ungeuliza ya unga au ya kipande.

Halafu unaniambia mgeni amekula, akataka tena! Mgeni gani anakula taco kwa kijiko? Hakimu wenu hana meno? Au siku hizi mahakama inaalika mahututi? Anayelamba nyama iliyoyeyuka ni mtoto mchanga au mtu anayesubiri jeneza, na mtoto mchanga asingeomba ya pili. Sema tu ukweli kwamba mke wa hakimu alitazama bakuli lako, akatazama mlango, akakumbuka ameacha pasi inawaka.

Nimeona mahali wino ulipotapakaa kwenye barua yako, pale kwenye habari ya kusimama mlangoni na taulo. Ulikuwa unalia kwa aibu, eti? Mimi pia nililia, siku uliyomtoa mdogo wangu kwenye moto mbele ya wateja. Sasa tuko sawa.

Mzingifuri sitoi. Kapake ukuta wako rangi.

Mpishi


Nyumbani
23 Machi

Dada,

Mgeni ni mimi.

Hakuna hakimu, hakuna mke wa hakimu. Niko mimi, niliyepasuliwa koo mwezi wa pili, sina sauti, nimekaa kwenye kochi na kitambaa shingoni. Uongo wa wageni niliutunga mimi, mke wangu aliuandika tu. Barua yako ya juzi ameniletea, akaiweka mapajani mwangu, akaenda kufua. Nimesoma mpaka pale kwenye jeneza. Usijisumbue kulifuta, nakujua tangu tulipokuwa tukigombania kitanda.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimegoma kula. Mwisho wa mwezi nisipoonekana nimeongezeka uzito, wananitoboa tumbo nilishwe kwa mpira. Nikataka angalau ninuse moshi wetu mara moja kabla ya huo mpira. Nyama ya kutafuna haipiti kooni, nilijua, ila mke wangu sikumwambia. Na huyu mwanamke asiyejua bizari na baruti vinatofautiana wapi alikaa siku mbili akilinda ile sufuria kama askari wa zamu. Ukimkaribia, anakuambia haifunuliwi, imeandikwa.

Alipoleta bakuli nikalitambua tope lile palepale. Unalikumbuka beseni letu la kwanza pale kantini? Ulipoiacha nyama kwenye nanasi tangu Ijumaa mpaka Jumatatu, na mhandisi akachukua kijiko, akala amesimama, akasema kwao hata watoto hawafanyi ujinga huu, huku anaendelea kula? Nikajua umemtega mke wangu. Nikacheka. Kicheko changu siku hizi hakina sauti, mabega tu ndiyo yanayoruka, naye akadhani napaliwa, akanipiga mgongoni kwa nguvu za miaka yote aliyonivumilia. Kinywa kilikuwa wazi. Nikatia kijiko.

Ilishuka, Dada. Ilishuka yenyewe, na ladha yote ilikuwemo, ya beseni lako ileile. Nililia na sikujificha.

Kwa hiyo wewe ni mchawi mbovu, hata sumu yako inaponya. Na yeye ni mpishi mbovu, maana mpishi mzuri angeimwaga. Nimezungukwa na wanawake wasiojua kazi zao. Tuma mzingifuri. Na usije, nakuomba. Ukija utalia, ukilia nitalia, na kitambaa hiki hakitakiwi kulowa.

Mdogo wako


Kantini
25 Machi

Wifi,

Umenifanya nini? Nimemtajia jeneza mtu wa tumbo moja na mimi. Barua yake nimeisomea kwenye stoo ya viazi, mlango nimeufunga kwa ndani. Leo kiwanda kizima kimekula chakula kilichoungua, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Nina hasira na wewe, na nakuambia wazi. Yule mimi nilimbeba mgongoni. Akakuambia usiseme, na wewe kwa huo utii wako wa kimahakama ukafunga mdomo. Mwanamke mwenye akili angeasi. Nilitaka uaibike, ni kweli. Niliwaza uso wako mbele ya hakimu nikalala usingizi mzuri. Sikujua ni yeye niliyekuwa nampikia. Sasa sijui nimshukuru Mungu au nimwogope.

Na usidhani nimekusamehe mambo ya langoni kwa sababu umesimama jikoni siku mbili. Kusimama hata mlingoti wa bendera unasimama.

Endelea na nanasi. Siku mbili zilezile, safari hii kwa amri yangu, si kwa hila yangu. Pilipili punguza nusu, siki usitie kabisa, koo lake ni kidonda. Pika kwa moto mdogo na maji kidogo, kisha pitisha kwenye chujio. Ongeza kijiko cha mafuta ya nguruwe. Ndiyo, yaleyale ya kwenye nyusi. Mtu aliyekonda anayahitaji kuliko shuka zako zinavyohitaji usafi.

Mzingifuri huo hapo. Na hizo ni glovu za kantini, uzivae unapokwangua. Sitaki watu wafungwe miaka ya bure kwa ajili ya nanasi langu.

Akipimwa, niandikie siku hiyohiyo. Usiniandikie "hajambo". Ukiandika tena "hajambo", napanda lori.

Mpishi


Nyumbani
31 Machi

Wifi,

Ameongezeka. Mpira hawamtii.

Sijui kuiandika sentensi hiyo kwa lugha ya ofisini, kwa hiyo nimeiacha ilivyo. Daktari aliitazama mizani, akamshusha, akampandisha tena, kisha akauliza anakula nini. Mume wangu akamwandikia kwa herufi kubwa: TACO. Daktari akanigeukia mimi kama niliyemtukana. Nilieleza kila kitu, nguruwe, nanasi, chujio, na nikiwa naeleza nikagundua naijua kwa kichwa.

Nyumba yangu inanuka. Mapazia yananuka, na faili ninazokuja nazo nyumbani zinanuka. Jana wakili mmoja alinusa hati ya rufaa akaniuliza kama nimefungua mgahawa. Yale mafuta sasa yako kwenye nyusi zangu mimi, wifi. Furahi.

Umesema mwanamke mwenye akili angeasi. Hukuwepo. Hukuona alivyokuwa akinitazama kila nikimletea bakuli, kama mtu anayeletewa hati ya mashtaka. Wino ule haukuwa wa aibu. Alikuwa hawezi kusema, hawezi kufanya kazi, hawezi hata kunigombeza. Alikuwa amebakiwa na amri moja tu ya kunipa, kwamba nisikuambie, nikaona nisimnyang'anye na hiyo. Ningefanya lolote alilotaka. Nilikuandikia wewe, na unajua kwangu hilo lilikuwa jambo gani.

Sasa amechoka na kijiko. Daktari amemruhusu ajaribu vipande vidogo, laini. Tangu hapo kila karatasi anayoshika anaandika neno hilohilo: kutafuna. Ameliandika kwenye gazeti, kwenye boksi la dawa, na nyuma ya barua yako. Nahitaji mapishi ya kweli. Nanasi linaingia lini?

Glovu zimenitosha.

Karani


Kantini
3 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara moja tu. Mara ya pili nisingeweza, na viazi visingemenywa.

Haya, kaa vizuri. Jambo hili halijawahi kuandikwa, na nikisikia unaliuza langoni mwa mahakama nitakuja na mwiko. Viungo ni vilevile. Hapo sikukudanganya, hata ningekuchukia vipi mkono ungekataa. Nanasi ndilo ulilodanganywa. Maji yake yachemshe kwanza. Yakichemka hayali tena nyama, yanabaki utamu tu. Yakipoa, changanya kikombe kimoja na rojo, ulaze nyama humo usiku mmoja. Nanasi lisilochemshwa ni vijiko viwili, upake saa ya mwisho kabla ya moto, nalo ni kwa ajili ya koo lake. Mtu mzima mwenye koo lake hahitaji. Vipande vingine vya nanasi vichome, uviweke juu.

Kuhusu moto usiniulize. Miaka yote ile sikuwahi kushika kisu chake, kama yeye asivyowahi kugusa beseni langu. Mkalishe karibu na jiko akuelekeze kwa mkono. Akikunja uso, geuza. Akitazama mbinguni, umeshachelewa. Wewe ndiye uliyemtoa kwenye moto ule, kwa hiyo mrudishe wewe mwenyewe. Mimi siwezi kukufanyia kila kitu.

Siji, amekataa. Kulia nimeshalia hukuhuku, nimemaliza sehemu yangu.

Wifi yako,
Mpishi


Nyumbani
12 Aprili

Dada,

Nimetafuna.

Kwa taabu, upande wa kushoto, kipande kidogo kama ukucha, lakini nimetafuna, nikameza, nikakaa nikisubiri kitu kikwame, hakikukwama kitu. Nikatafuna kingine.

Hayo mengine yote yalikuwa aibu tupu. Amenunua jiko la mkaa yeye mwenyewe, akaliweka uani, akanitolea kiti. Halafu akatoka ndani amevaa lile gauni jeupe la siku ya langoni. Nikamwandikia: una wazimu? Akasema hilo ndilo alilovaa siku ya kunitoa kwenye moto, basi na livumilie. Sasa lina doa jekundu la mzingifuri kutoka kifuani mpaka gotini, na hakwenda kubadilisha.

Nyama iliungua upande mmoja ikabaki nusu mbichi upande wa pili, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi badala ya kutazama moto. Nilikunja uso, akageuza. Nikakunja tena, akageuza tena, akauliza nakunja uso kwa nyama au kwa maumivu. Hatimaye nilisimama nikamnyang'anya kisu. Mkono bado unajua, Dada. Kimkate kilipasuka. Chumvi ilizidi. Nikamwandikia kwenye kiganja: mbaya sana. Akasoma, akanikatia kipande kingine, nikala, akaketi chini pembeni ya kiti changu, nyusi zake zinang'aa mafuta.

Njoo. Nimefuta amri yangu. Lete beseni lako, na ukitaka kulia utalilia jikoni kama mama alivyokuambia. Jikoni ndiko kuliko na kazi yako pia, maana huyu mwanamke hafai kuachwa peke yake na nguruwe.

Mchomaji